Rota ya Mzee Mwau

Gari lenyewe halikuwa limeibiwa. Land Rover kuukuu ya Mzee Mwau ilisimama palepale chini ya mikaratusi ya kambi ya Mountain View, hema likiwa ubavuni mwake, lakini ilikuwa imegoma kuwaka. Usiku mtu alifungua boneti, akachomoa rota, kile kipande kidogo kinachopelekea plagi moto, akaenda zake.

"Na mwizi ni huyu," alisema Gichuru, mwenye kambi, akimshika bawabu wake ukosi wa koti. "Gate ilikuwa locked. Hakuna mtu ameingia. Hii ni inside job, madam."

Bawabu huyo, Were, hakujitetea kwa makelele. "Afande, sijagusa hiyo gari. Mkiniweka seli, hata mkinitoa kesho, nani ataandika soja ametoka seli?"

Sajini Kibe alikwisha kutoa pingu. Kwake kesi ilikuwa imeiva. Akamgeukia Inspekta Kasyoka apate ruhusa.

Inspekta alikuwa ameinama kwenye injini, kama mtu asiye na haraka na lolote duniani. Kibe alimjua mkubwa wake. Tangu waanze kufanya kazi pamoja hajamwona akiparamia jambo, wala akiliacha njiani. Alimhusudu sana mama huyu, ingawa mbele ya wenzake kituoni angekana katakata.

"Kibe, hebu tazama. Kioo cha pembeni?"

"Kipo, madam."

"Gurudumu la akiba? Mtungi wa gesi?"

"Vyote viko."

"Nairobi hii, mwizi anaacha side mirror anabeba rota? Halafu anarudisha kifuniko chake na kubana vishikizo vyote viwili?"

Kibe aliipaka boneti poda ya alama za vidole. Hakuna kitu. Ilikuwa imepanguswa ikang'aa, na sehemu nyingine zote za gari zilikuwa na vumbi jekundu la Mtito Andei. Akarudisha pingu mfukoni, masikio yakimwaka moto kwa aibu.

Wakawaendea wenye gari. Mzee Mwau alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mrefu, mcheshi, na kiti cha kambi kilikuwa kidogo mno kwake. Yeye na mkewe Mwelu walianza safari Lungalunga mpakani, na walikuwa wameapa kufika Lokichoggio, ncha hadi ncha ya nchi, wakilala hemani. Watoto wao waliwaona wamechanganyikiwa. Kibe, ambaye mwisho wake wa kusafiri na mkewe ulikuwa harusi ya shemeji yake Kabiria, humu humu Nairobi, aliwaonea wivu mtamu.

"Mlipanga kuondoka saa ngapi, mzee?" Kasyoka aliuliza.

"Alfajiri, mwanangu. Kabla jam ya Waiyaki Way haijaanza. Chai tungekunywa Naivasha. Mimi nikisema alfajiri, ni alfajiri. Muulize huyu."

"Ni kweli," alisema Mwelu bila kuinua macho. Alikuwa akikoroga sufuria juu ya jiko la gesi.

"Usiku mlisikia chochote?"

"Mimi nililala fofofo," alisema mzee.

"Na wewe, mama?"

"Sikusikia kitu."

Kasyoka akasogelea jiko, akavuta harufu, akatabasamu. "Muthokoi! Nyanya yangu angefurahi. Imeanza kulainika?"

"Bado kidogo."

"Haya mahindi yaliyokobolewa yana kiburi. Uliyaloweka lini?"

"Jana jio..." Mwelu akaanza kukoroga kwa haraka.

Kibe alitazama sufuria, akamtazama mkubwa wake. Yeye ni mtu wa Riruta. Mahindi kwake ni mahindi tu. Kasyoka alichuchumaa, akashusha sauti ikawa ya binti kwa mama yake.

"Mama, muthokoi inalala kwa maji usiku kucha, na ikiamka inapikwa nusu siku. Hakuna mke wa Kikamba anayeloweka muthokoi jioni na anaondoka alfajiri. Ulijua hamtaondoka."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Mwelu?" alisema mzee.

Mama yule alifungua pindo la leso kiunoni, akatoa rota, safi, imefungwa kwa karatasi ya majani ya chai. "Ni mimi. Na ni yeye alinifundisha. Zamani tukilala barabarani na lori, alikuwa anaitoa ili tusiibiwe."

"Kwa nini, mama?" Kasyoka aliuliza.

"Tangu Voi anasimamisha gari, eti anaangalia tairi. Haangalii tairi. Anashika mlango, anatafuta pumzi. Mkono wa kushoto anaukanda akidhani nimelala. Nikimwambia hospitali, ananiambia tukirudi. Afande, huko mbele ni Lodwar, ni jangwa, na mimi sijui kuendesha. Hapo Westlands kuna madaktari. Ningemfungaje? Nikaifunga gari."

"Na huyu soja je?"

Machozi yakamtoka. "Hilo sikulifikiria. Nilikuwa naomba tu Mungu mzee achoke kungoja fundi, akubali daktari. Wangempandisha huyu baba kwa gari ya polisi, ningesema. Naapa ningesema."

"Ungeniambia, Mwelu," alisema mzee polepole.

"Nilikuambia Voi. Nilikuambia Emali. Nilikuambia Machakos."

Mzee Mwau alijaribu kuinuka kwa hasira, akakaa tena, mkono kifuani, na safari hii kila mtu alimwona. Kibe alikuwa wa kwanza kumshika. Walimwingiza gari la polisi, kiti cha mbele, naye akaenda bila ubishi. Kibe alimtazama mama yule mdogo wa umbo na moyo ukamjaa. Angependa naye kuibiwa hivyo siku moja.

Gichuru alikuwa akisafisha koo, akitafuta neno la kumwambia Were. Mwelu alimtangulia. Akaenda hadi kwa bawabu, akainamisha kichwa.

"Baba, nimekukosea vibaya. Nisamehe."

Kisha akamwekea rota kiganjani, akamfumba vidole.

"Kaa nayo wewe. Usimpe mpaka daktari akubali, hata akikulilia."

Were akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.