D ya Dorine

Mvua ya mawe ya Kericho haipigi hodi. Mchana mmoja wa mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne, iliwashukia watu wa soko wote kwa pamoja, nao wakakimbilia baraza la duka la mbegu wakabanana kama maharagwe guniani. Bochaberi alikuwa katikati, na sketi yake ya marinda imelowa hadi magotini. Mara akasikia kengele ikilia kwenye kwapa la mtu. Ting.

Akageuka. Kijana mrefu, mwenye koti la kaki la fundi, alikuwa amekumbatia kitu kikubwa ndani ya koti.

"Una mtoto au una baiskeli humo?" Bochaberi akamuuliza.

"Ni taipureta ya watu," kijana akasema. "Ukinisukuma, inalia."

Bochaberi akamsukuma kidogo, kwa makusudi. Ting. Baraza zima likacheka.

Kijana aliitwa Kipyegon, mtu wa Londiani, na kibanda chake cha kutengeneza taipureta na kompyuta kilikuwa nyuma ya soko. Bochaberi, binti wa Keroka, alikuwa amefika mjini juzi tu, akapata kazi ya kupiga chapa kwa Madam Tecla, ghorofani juu ya lile duka la mbegu. Mvua ilipokatika, Kipyegon alikuwa tayari ana nambari ya simu ya ofisi, ameiandika kwenye kiganja.

"Asante, Pochaberi," akasema.

"Ni B. Bo-cha-be-ri."

"Ndiyo hivyo nimesema. Pochaberi."

Basi akabaki Pochaberi wa mtu mmoja. Kila saa saba mchana simu ya ofisi ililia, na kila saa saba Madam Tecla alitazama dari kama mtu anayehesabu mbao. Jumapili wakitoka kanisani walitembea hadi mwisho wa lami, pale mashamba ya chai yanapoanza, Kipyegon akiwa na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, Bochaberi akiwa na gauni lake la manjano na viatu mkononi ili visichafuke. Walicheka hadi mbavu zikauma. Hakuna aliyesema neno kubwa, lakini lilikuwa njiani linakuja.

Halafu ikaja siku ile. Bochaberi alimpelekea chapati za moto, akafika mlangoni pa kibanda, akamkuta amempa mgongo, yuko kwenye simu.

"Mwambie mama, Torine avumilie," Kipyegon alikuwa akisema. "Nakuja Jumamosi. Hii ni mimba yake ya kwanza, siwezi muacha azae peke yake."

Chapati zilirudi ofisini. Madam Tecla ndiye aliyezila. Kuanzia hapo, simu ikilia saa saba Bochaberi aliinua, akasema, "Umekosea nambari," akaweka. Wiki tatu nzima. Usiku mto wake haukuwa mkavu, lakini mchana hakuna aliyejua.

Sasa sikiliza kilichomleta tena kwenye simu ile.

Ilikuwa Alhamisi. Madam Tecla alikuwa amekwenda Nakuru kununua wino, na angerudi saa kumi. Miezi mitatu ya majaribio ya Bochaberi ilikuwa inaisha kesho yake, Ijumaa, na Madam alikuwa amemwambia neno moja tu alipokuwa akitoka: "Usiguse mahali sijakufundisha." Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja. Ikiharibika mkononi mwake, angefunga sanduku na kurudi Keroka.

Na mkono wa mtu mwenye huzuni hautulii. Alifungua hapa, akabonyeza pale, akafika mahali pameandikwa kwamba kioo kinaweza kuonyesha rangi nyingi zaidi. Nani hapendi rangi? Akachagua, akakubali. Mashine ikajizima, ikajiwasha, na kioo kikajaa mistari inayokimbia kama mvua ya upepo. Hakuna herufi hata moja ya kusomeka. Akaizima, akaiwasha. Mistari ileile.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na robo. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja wa kumpigia.

"Halo, Kipyegon hapa."

"Ni mimi."

"Pochaberi."

"Napiga ya kazi." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaisafisha. "Nimebadilisha kitu cha kioo na sasa sioni chochote. Madam akikuta hivi, kesho siko."

"Usilie. Iko mistari?"

"Silii. Iko."

"Hiyo ni kidogo sana. Kaa chini. Mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa vidole. Zima, halafu uwashe, na ikianza tu ubonyeze F5, usingoje iingie ndani."

Akafanya. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa, maandishi meupe machache, yamesimama wima. Pumzi ya kwanza ikamtoka.

"Naona herufi."

"Vizuri. Sasa andika si, ti, nafasi, windows. Halafu enter."

Akaandika c, akaandika t. Mashine ikamjibu kwamba haijui neno hilo.

"Imekataa."

"Rudia. Si, ti."

"Nimeandika si, ti."

"Si hiyo ti. Ile ti ingine."

"Kwani kuna ti ngapi, Kipyegon?"

"Ile... ile ti ya Torine."

Vidole vya Bochaberi vikaganda juu ya kibodi.

"Kwa hivyo hata hapa lazima umtaje," akasema polepole. "Alizaa?"

"Nani? Torine? Alizaa vizuri. Jike. Mama amefurahi sana."

"Na wewe baba mtoto, umefurahi?"

"Mimi baba mt..." Sauti ikakatika. Bochaberi alisikia bisibisi ikianguka upande wa pili. "Pochaberi. Torine ni ng'ombe."

"Ng'ombe."

"Ng'ombe ya mama, kule Londiani. Nyeusi na nyeupe. Ndama alikuja na miguu nyuma, mimi na kaka yangu tulivuta mpaka mikono ikachubuka. Wiki tatu nimejiuliza nimekukosea nini."

"Nani humpa ng'ombe jina la Dorine?"

"Ni jina la bibi ya daktari wa mifugo. Mama anasema wanatembea sawa. Usimwambie mtu."

Bochaberi alifunika simu kwa kiganja, akacheka, na machozi yakatoka humohumo kwenye kicheko.

"Nisamehe," akasema alipoweza. "Nilisikia mlangoni, nikaondoka na chapati."

"Hata chapati zilikuwako?" Kipyegon akaguna. "Hiyo ndiyo inauma. Haya, saa inaenda. Ti ya ng'ombe."

Akaandika cd. Mashine ikakubali.

"Sasa setup. Mwisho ni pi."

"Pi ipi?"

"Si ile ya jina lako. Ile ingine."

Akaandika setup. Orodha ikatokea. Kipyegon alimwongoza kwa kukumbuka tu, mshale juu, tena juu, hapo pameandikwa display, enter, sasa shuka hadi VGA, enter, kubali. Mwisho akamwambia aandike win.

Bochaberi akafumba macho. Alipoyafumbua, kioo kilikuwa kile cha asubuhi, na vijidirisha vyake vyote, na kila herufi mahali pake. Mabega yalimshuka kama mtu aliyetuliwa kikapu cha majani mabichi.

"Imerudi," akanong'ona. "Kipyegon, imerudi yote."

Viatu vya Madam Tecla vilikuwa vinapanda ngazi. Aliingia, akatazama mashine, akamtazama msichana.

"Mbona unaichekea kompyuta?"

"Inafanya kazi vizuri tu, Madam."

"Ndiyo maana nimekuandikia barua ya kuajiriwa," Madam akasema, akavua koti. "Kesho utaisaini."

Saa kumi na moja Bochaberi aliposhuka, Kipyegon alikuwa amesimama mbele ya duka, bila koti la kaki, nywele amezichana na maji.

"Kitendawili," akasema, kabla hata ya salamu.

"Tega."

"Kila asubuhi napika chai ya watu wawili, nakunywa mmoja."

Bochaberi akatazama viatu vyake. Jibu alilijua, mashavu yalimwaka kwa kulijua, lakini si yeye wa kulitamka.

"Mtu anangoja mgeni," akajaribu.

"Umekaribia."

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

Wengine hutoa Nairobi, wengine hutoa Mombasa. Bochaberi aliinua uso.

"Nakupa Keroka."

"Keroka kwa nani?"

"Uliza boma la baba, mzee Orina. Usiende peke yako, nenda na wazee wako."

Kipyegon akajikohoza, akaanza kama desturi inavyotaka: "Nilienda Keroka, nikakaribishwa vizuri, nikaulizwa jibu la kitendawili..."

"Hujaenda bado," Bochaberi akamkata, akamshika mkono. "Ukirudi ndiyo utaniambia."