Askari wa Maegesho na Binti wa Lesieli

Saane Moala alizishuka ngazi za kliniki mbio, viatu mkononi, sindano mbili zikiwa bado zimechomekwa begani mwa blauzi yake ya kijani. Kazi ya ushonaji alikuwa ameibeba mpaka kando ya kitanda cha mama yake, na katika kupinda pindo la gauni la bibi harusi wa watu akasahau saa. Barabara ya Karangahape, katikati ya jiji la Auckland, ilikuwa imefurika watu wa chakula cha mchana. Aliwapenya kwa mabega, akakata kona ya mtaa wa pembeni, akamwona mwanamume mrefu mwenye sare ya buluu amesimama mbele ya gari lake akibonyeza kimashine cha faini.

Hiyo ingekuwa faini ya nne tangu mwezi uanze.

"Kaka, nimechelewa dakika tano tu," alisema akihema.

"Saba," yule askari wa maegesho akajibu bila ukali. "Na nimeshabonyeza. Nikishabonyeza hairudi, hata kama gari ni la bibi yangu."

"Basi bibi yako aache gari nyumbani."

Mwanamume akainua macho. Aliona blauzi yenye sindano, miguu mitupu juu ya lami ya baridi, na mikono iliyokuwa ikitetemeka hadi viatu vinagongana. Akamuuliza mbona anatetemeka hivyo, yeye hang'ati. Saane hakukusudia kumweleza, lakini maneno yalimtoka yenyewe. Mama yake alikuwa na figo zilizokufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa humo ndani kwa muda wa saa nne na nusu damu yake ikichujwa na mashine, na akitoka presha ilishuka, miguu ikawa kama uji, hawezi kupanda mabasi mawili mpaka nyumbani Māngere. Mtaani kibao kilisema gari lisizidishe muda wa saa mbili. Ghorofa la maegesho la mkabala lilitoza kwa saa hizo nne na nusu fedha anazozipata kwa kupinda magauni matatu.

Wakati bado anasema, bwana mmoja mwenye suti alifika kwenye gari jeusi lililokuwa mbele yao. Kioo chake nacho kilikuwa na karatasi ya faini. Aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni, akaondoka akipiga mluzi.

"Yule ni kila siku," askari alisema, akimtazama akienda. "Faini kwake ni kodi ya nafasi. Ofisi yake inalipa. Wewe ndiye unayekimbia bila viatu."

Alimwelekeza namna ya kuandika rufaa, karatasi gani aiombe kwa daktari, aipeleke wapi. Akaandika jina lake na namba ya simu nyuma ya ile faini: Tamihana Kereama. Saane aliipokea kwa ncha za vidole.

Sare hakuizoea. Mama yake, Lesieli, aliingia Auckland kutoka Tonga akiwa msichana, katika miaka ile polisi walipokuwa wakigonga milango ya watu wa visiwani alfajiri, wakiwa na mbwa, wakitafuta waliopitisha muda wa viza. Wanawe wote walizaliwa baadaye sana, kwa halali, lakini aliwalea na sheria moja: mwenye sare au kitambulisho akikuuliza, hujui. Hujui nyumba, hujui jina, humjui mtu. Saane alikuwa na miaka ishirini na tisa sasa, na akiona tu kofia ya polisi barabarani, aliinamisha uso.

Rufaa ilirudi baada ya wiki tatu. Imekataliwa. Alimpigia Tamihana kumwambia, akidhani anampigia kumlaumu, wakaongea mpaka chaji ikaisha. Tamihana alikuwa na sauti nzito ya watu wa Hokianga, kaskazini, na utani usiokwisha. Jumatano iliyofuata simu ililia Saane akiwa kando ya kitanda cha mama yake.

"Niko kona ya juu," Tamihana alisema. "Nina magari kama thelathini kabla sijafika kwako. Shuka polepole, usije ukavunjika mguu ukanipa mgonjwa wa pili."

"Unanitongoza au unanifukuza?"

"Yote mawili. Sogeza gari kwanza, mrembo, mengine tutaongea."

Ndivyo lilivyoanza. Simu ililia kila alipokaribia, na Saane alishuka akahamisha gari. Siku ambazo hapakuwa na nafasi kwingine, alilirudisha palepale, na Tamihana alipita kando yake akitazama juu kama mtu anayehesabu njiwa. Saa yake ya mapumziko ilipofika alilivua lile koti la buluu, akaingia kwenye gari, wakala pamoja nyama iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi na tui la nazi. Alijilamba vidole, akasema chakula hiki kinatosha mtu kuacha kazi. Saane alimpenda kwa hilo, na kwa shingo yake iliyonukia mvua na sabuni, na kwa jinsi alivyomuuliza hali ya mama yake kabla ya kumuuliza yake. Lakini hata walipobusiana jicho lake moja lilikuwa kwenye kioo cha pembeni.

Saane hakumwambia mama yake ukweli. Alisema amempata mtu anayefanya kazi za barabarani. Lesieli akadhani ni mtu wa kumwaga lami, akamwonea huruma, akasema amfungie chakula zaidi.

Mwezi wa nane, Ijumaa moja, mwanamke mwenye suti ya kijivu aliingia kliniki na kadi ya utambulisho ikining'inia shingoni. Alitoka kwenye kampuni iliyopewa kazi ya kusimamia maegesho ya mitaa ile. Lesieli alikuwa amelala, damu yake ikizunguka kwenye mirija. Yule mwanamke aliongea kwa upole, na upole wake ulimtisha Saane kuliko ukali. Alisema kamera zimeliona gari lake likipitisha muda mara kumi na saba, na hakuna faini. Alitaka kujua kama anamfahamu askari Kereama.

Saane aliitazama ile kadi. Picha, jina, mhuri.

"Simjui," alisema.

"Hajawahi kukupigia simu? Hujawahi kumpa chochote?"

"Nimesema simjui."

Yule mwanamke akaandika, akamwomba atie sahihi. Akatia.

Asichokijua Saane ni kwamba Tamihana alikuwa ameshahojiwa jana yake, na hakuficha kitu. Alisema anamjua, anampigia, hajapokea hata senti, na kwamba anampenda. Sasa maelezo mawili yakagongana. Anayelinda gari la mpenzi wake ni mzembe, lakini anayelinda gari la mtu asiyemjua huulizwa amehongwa kiasi gani. Alisimamishwa kazi siku ileile.

Simu ilikuja jioni. Saane alifungulia bomba la jikoni ili mama yake asisikie.

"Umewaambia hunijui?" Tamihana aliuliza.

Maji yalikuwa yakijaa kwenye sinki.

"Waliniuliza wewe ni nani kwangu. Nikasema mpenzi wangu. Leo wamenisomea karatasi yako, sahihi yako ikiwa mbele yangu. Nilikaa pale kama mwizi."

"Niliogopa, Tami."

"Hata mimi niliogopa. Lakini nilikutaja. Usinipigie mpaka ujue unamwogopa nani."

Ikakatika.

Wiki zilizofuata Saane hakuwa mtu. Askari mpya aliwekwa kwenye mtaa ule, na hakuna simu tena ya kumtahadharisha. Alishuka ngazi zile kila robo saa kuchungulia, akipanda anamkuta mama yake amefumba macho, anaogopa kuwa hajalala. Akiwa juu aliogopea gari, akiwa chini aliogopea mama. Akishona kazi za watu alijichoma vidole mpaka gauni moja jeupe likapata tone la damu, akalazimika kulilipia yeye. Ilifika mahali kila mtu mwenye koti la buluu barabarani alimfanya ageuze njia, kwa kuogopa kuwa ni yule mpya, na kwa kuogopa zaidi kuwa ni Tamihana.

Ijumaa ya nne alishuka akakuta nafasi tupu. Gari lilikuwa limevutwa. Alisimama pale akiitazama lami kana kwamba litajitokeza, kisha akapanda ngazi mbili mbili, na mlangoni akawakuta wauguzi watatu wamekiinamia kitanda cha mama yake. Presha ilikuwa imeanguka ghafla. Lesieli alikuwa wa kijivu kama majivu, kinywa wazi, na mmoja wa wauguzi akimwita kwa jina kwa sauti kubwa. Saane alijibanza ukutani. Alijikuta akihesabu, hakujua anahesabu nini, na alipofika mia mbili na kitu mama yake akakohoa.

Ilichukua saa nzima rangi kumrudia. Kitu cha kwanza alichouliza ni gari liko wapi, maana alitaka kwenda nyumbani.

Saane alimwambia. Alipoanza hakuweza kuacha: gari, kamera, simu, koti la buluu, mtu wa lami ambaye hakuwa mtu wa lami, na neno alilolisema mbele ya kadi. Alimaliza akisubiri kusikia kuwa alifanya vyema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Lesieli alijivuta juu ya mto.

"Nilikuwa na kaka, Sione," alisema. "Mnajua alifia Vava'u, kule Tonga. Hamjui alirudije." Alilamba midomo iliyokauka. "Walipogonga, mimi ndiye niliyefungua. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu na shuka kiunoni. Polisi akaniuliza, huyu ni nani. Karatasi zangu mimi zilikuwa sawa, zake hazikuwa sawa. Nikasema simjui, alikuja jana kuomba pa kulala. Wakamchukua. Sione alinitazama tu. Barua zangu zote hakuzijibu, na alipokufa sikuwa nimemwomba msamaha."

"Mama, ulitufundisha tuseme hivyo."

"Niliwafundisha kwa sababu nilitaka iwe kweli kwamba nilifanya jambo la akili." Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, hakuyafuta. "Nenda ukamtaje huyo mtu, mwanangu. Mimi sina tena wa kumtaja."

Jumanne Saane alivaa sketi nyeusi ya kanisani, akajifunga mkeka wa kiunoni, kama Watonga wanavyovaa kwenda mbele ya mtu wa heshima au kaburini. Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya tano. Kwenye lifti alishika ukuta. Hakuwa na miadi. Alikaa mapokezi kwa karibu saa mbili, na mara mbili aliinuka aondoke. Mwanamke wa suti ya kijivu alipomwita, Saane alibaki amesimama, maana aliogopa akikaa hatasema.

Alisema anamjua Tamihana Kereama. Alisema simu zile alizipokea, akaitoa simu yake na kuiweka mezani waone. Alisema hakumpa kitu ila chakula.

"Kwa nini ulinidanganya?" yule mwanamke aliuliza.

"Kwa sababu ulikuwa na kadi shingoni."

Mwanamke aliishika ile kadi, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. Hata hivyo kazi ni kazi. Alimweleza kwamba zile mara kumi na saba sasa zitadaiwa zote, na kwamba Kereama atasafishwa na tuhuma ya rushwa, lakini sheria aliivunja na kazini harudi. Saane alitia sahihi. Alipofika nje alitapika kwenye pipa la taka la mtaani, akajifuta, akaenda kupanda basi.

Ndugu wa kwaya ya kanisani kwao walichanga, gari likakombolewa. Tamihana alitumiwa ujumbe mmoja tu, *Nimewaambia*, naye hakujibu. Jumatatu ikapita, Jumatano ikapita, na wiki nyingine nzima. Saane alijiambia asubiri kama mama yake alivyomsubiri Sione.

Ijumaa saa sita kasorobo alishuka kuhamisha gari na kumkuta mtu ameegemea mlango wa dereva. Sweta la kahawia, ndevu za wiki mbili, hana kofia. Nusura asimtambue.

"Nipe ufunguo," Tamihana alisema. "Rudi kwa mama yako. Mimi sasa sina kazi mpaka Jumatatu ijayo, naanza kuendesha gari la mikate huko Ōnehunga. Nitakaa humu. Akija askari, nasogea. Akiondoka, narudi."

"Umenikasirikia?"

"Sana." Alitazama viatu vyake. "Nilikuja wiki iliyopita nikafika mpaka pale kona. Nikaogopa kwamba ukiniona utageuza njia."

Saane alimpa ufunguo, lakini hakurudi juu. Alizunguka akaingia upande wa pili, akafunga mlango. Walikaa bega kwa bega wakitazama mbele, mvua nyepesi ikianza kuchora kioo.

"Mama anasema uje Jumapili," alisema. "Kanisani kwetu. Ukae benchi letu."

Tamihana alikuwa ameishi na Watonga vya kutosha kujua benchi la ukoo ni nini. "Nikikaa pale watu watasemaje?"

"Watasema unanioa."

"Na wewe unasemaje?"

Nyuma yao, chini kabisa mtaani, koti la buluu lilikuwa limetokeza, likija gari kwa gari. Saane aliliona kwenye kioo cha pembeni. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Akamwachia Tamihana mmoja aushike ukiwa hivyohivyo unatetemeka.

"Mimi nasema uvae shati jeupe," alisema. "Na unyoe ndevu."