Sentensi Nyekundu na Kijani

Kila siku vipindi vikiisha, sisi wa klabu ya kompyuta tulikimbilia chumba cha mwisho, chenye mashine sita na feni moja mbovu. Wenzangu waliniita Mtaalamu. Jina hilo nililipenda mno, na asiyelitumia nilimwona mshamba tu.

Muhula ule mwalimu wetu wa sayansi alinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa marudio kwenye tovuti ya shule. Alinipa sentensi arobaini, nusu za kweli na nusu makosa tunayoyarudia kila mwaka. Nikazichanganya zote, za kweli kwa kijani, za makosa kwa nyekundu, juu ya rangi ya kahawia. Rafiki yangu alinishauri niweke alama ya vema au ya kosa kando ya kila moja.

"Hayo ni mambo ya chekechea," nikamwambia. "Usiniharibie kazi."

Niliketi dawati moja na mvulana mrefu tuliyemwita Ngongoti. Yeye aliitaka kufa na kupona nafasi moja ya darasa letu kwenye mashindano ya sayansi, na jaribio la Ijumaa ndilo lingeamua nani aende. Kila alasiri aliusogelea ukurasa wangu mpaka pua ikaribie kugusa kioo.

"Mbona sentensi zote zinafanana?" aliniuliza.

"Kaazime miwani ya bibi yako."

Chumba kizima kikacheka. Hakuuliza tena.

Ijumaa akapata saba kwa ishirini. Aliandika kwamba popo ni ndege, na kwamba mwezi una mwanga wake wenyewe. Mimi nilipata kumi na nane, basi nikavimba kichwa.

"Kichwa maji huyu," nikasema kwa makusudi, asikie. "Majibu amepewa, tena yamepakwa rangi, na bado kaanguka."

Jumatatu mwalimu akatuita wote wawili ofisini. Alikuwa amechapisha ukurasa wangu mwingine, wa mada ya umeme, ambao nilikuwa nimeupaka rangi kwa kufuata orodha yake, bila hata kuusoma. Mashine ya ofisini ilikuwa na wino mweusi tu.

"Haya, Mtaalamu," akasema. "Nionyeshe za kweli."

Nikatazama. Sentensi zote zilikuwa za kijivu, hazina tofauti hata chembe. Nikabahatisha ya kwanza, nikakosa. Ya pili nikakosa pia.

"Mwalimu, hapa rangi hazipo," nikanung'unika.

"Mwenzako ndivyo anavyouona ukurasa wako kila siku. Mwambie, mwanangu."

Ngongoti alitazama sakafu. "Nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja, kama udongo. Nilizaliwa hivyo. Nilidhani zote ni za kweli, nikazikariri zote."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku zote zile nilimdharau mtu aliyekuwa akijitesa kukariri makosa niliyompa mwenyewe. Kama kulikuwa na kichwa maji ofisini mle, nilikuwa mimi.

Siku ile ile nikaurekebisha ukurasa. Niliweka herufi nyeusi juu ya nyeupe, sentensi za kweli chini ya neno KWELI, na nyingine chini ya neno MAKOSA. Nikamwomba Ngongoti msamaha mbele ya waliocheka. Mwalimu akafuta lile jaribio, akatunga jingine. Ngongoti akapata kumi na tisa, mimi kumi na saba. Nafasi ikawa yake.

Nilipopeleka daftari zetu ofisini, nilijaribu kujitetea. "Mwalimu, kweli sikujua kwamba hatofautishi rangi."

Akazipokea, akaziweka mezani.

"Ungejua vipi? Alikuja kukwambia, ukamcheka. Ukitengeneza kitu cha watu wote, na mmoja akasema hakielewi, msikilize kabla hujamhukumu. Yeye alishindwa kuona rangi mbili, mwanangu. Wewe ulishindwa kumwona mtu aliyekaa kando yako."