Nondo wa Pazia Letu

Haya sikuhadithiwa. Yalitokea mchana kweupe, sebuleni kwa mama mdogo, mimi nikifuta vyombo.

Mama mdogo alifanya kazi makumbusho, chumba cha wadudu. Kazi yake ilikuwa kuwachoma pini nondo na vipepeo na kuwatandaza mabawa. Mumewe, fundi cherehani, hakuacha kumtania: "Ningekuwa na mabawa, ungenipenda zaidi."

Baba mdogo huyo alikuwa mgonjwa wa kifua, kitanda tumemwekea sebuleni. Asubuhi ile alimaliza kikombe kizima cha uji. Tulifurahi jamani, tukajua amepona.

Kisha nondo akatua kwenye pazia, juu ya kichwa chake. Mdogo, hafiki ukucha wa kidole cha mwisho. Mabawa rangi ya majivu, ukingoni mstari mwekundu. Mama mdogo akashika mdomo.

"Makubwa! Huyu anaishi mlima mmoja tu, kule juu kwenye ukungu. Huku hajawahi kuonekana!"

"Mwache," baba mdogo akanong'ona. "Huyo ni wangu."

"Wako wapi! Hebu lala." Akamfunika nondo kwa glasi.

Nondo hutiwa kwenye chupa ya dawa mpaka afe kabisa, ndipo achomwe. Mama mdogo alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini furaha ilimzidi. Alimwona ametulia, akamchoma pini.

Miguu ikachezacheza.

Kitandani, baba mdogo akashtuka. Akashika kifua.

"Itoe," nikanong'ona. "Mama mdogo, itoe."

Akaichomoa. Nondo hakusogea. Baba mdogo naye hakusogea.

Waliomwosha walituita pembeni. Katikati ya mgongo palikuwa na kitundu, hakina damu. Wakauliza ni daktari gani alimchoma sindano pale. Sikulia siku ile, na mpaka leo machozi hayajaja. Napika, nafua, nalala.

Tuliporudi kutoka makaburini, kiboksi tulichomwekea nondo kilikuwa kitupu.

Kazini kwa mama mdogo bado wanasema nondo yule hapatikani popote ila mlimani. Kwetu yupo kwenye pazia kila siku. Ana kitundu mgongoni, jua likiwaka mwanga unapenya. Mama mdogo humwamkia: "Umeamkaje, baba?"

Juzi nikaona wako wawili. Wa pili hana kitundu.

Mama mdogo ameanza kukohoa. Pini zote nimezitupa chooni, na sindano ya cherehani nimeing'oa. Kifungo cha gauni lake kimekatika, namwambia avae hivyo hivyo.