Ngao ya Akina Tucker

Chai ilinuka mkojo. Clifford Tucker alinusa kikombe, akamtazama mbwa. Mbwa naye akamtazama yeye, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Juu ya meko ya sebuleni ilining'inia ngao aliyoinunua kwenye maonyesho ya kilimo: simba mwekundu, kofia ya chuma, na jina lao kwa rangi ya dhahabu. Muuzaji alimwapia kwamba babu yao alikuwa shujaa wa vita vya farasi. Clifford, kondakta mstaafu wa mabasi ya Devon, Uingereza, aliamini, na tangu hapo alikwenda kununua maziwa kifua mbele.

"Baba," bintiye Hazel aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone shali ya mwanangu."

Asubuhi shali ile ya sufi ilimzunguka mtoto mara mbili. Sasa ilikuwa imelowa, imesinyaa, imembana kifua.

"Umeifua kwa maji moto."

"Sijaifua, Baba."

Wakamfunika blanketi. Nalo likasinyaa. Ndipo wakasikia, nyuma ya ngao: chwa, chwa, chwa. Nyayo tupu zilikanyaga kitu kilicholowa.

Hazel akamwita shangazi yake Winifred, aliyekaa nyumba ya tatu. Bibi huyo alifika, akaziba pua, akaitazama ngao.

"Nani kakwambia tulikuwa mashujaa?"

"Muuzaji, dada."

"Huyo angekuuzia na mkia wa simba. Tucker ni jina la kazi, Cliff. Babu yetu alikanyaga sufi ndani ya mkojo uliochacha wa kijiji kizima, mpaka kitambaa kisinyae na kukaza. Wewe umemnyang'anya jina, ukampa simba."

"Sasa analipiza kwa mwanangu?" Hazel alinong'ona.

"Anawakumbusha kazi yake. Kiri kwa sauti kubwa, Cliff, kwamba ni babu yako."

"Majirani watasikia."

Na alipokuwa bado anaona haya, nyayo ziliteremka ukutani, zikavuka zulia zikiacha alama za maji, zikapanda kitandani kwa mtoto, na blanketi likaanza kujikaza lenyewe, mkunjo kwa mkunjo, mpaka mtoto akafumbua kinywa na sauti isitoke, na midomo yake ikageuka buluu mbele ya mama yake aliyevuta na kuvuta bila kulilegeza hata uzi.

Clifford akaing'oa ngao, akaitupa motoni. "Mimi ni mjukuu wa mkanyaga mkojo," alisema kwa sauti yake yote, hadi mwenye duka la maziwa la jirani akatoka nje.

Blanketi likalegea. Mtoto akalia. Harufu ikaisha.

Winifred akachemsha chai mpya. Wakacheka kidogo, na mbwa akaombwa radhi.

Chwa, chwa, chwa.

Mtoto alilala chali, mkavu, akipiga miguu hewani taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeizoea kazi. Hazel akaishika akaigeuza. Nyayo za mtoto huyo wa miezi mitatu zilikuwa na sugu.