Chembe Nyekundu

Subaru nyeusi ilikata kona ya mtaa wa Mirongo bila kupunguza mwendo. Nusrat Bilali akailalia pikipiki yake, akaifuata.

"Sangara, kituo hapa," sauti ya mkuu wake, Nestory, ilikwaruza sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi. "Bomu limeshategwa kwenye mitambo ya maji ya jiji. Hatujui wapi. Wanaojua wamo kwenye hiyo gari."

"Na Jonathan?"

"Wanaye bado. Bomu kwanza, Nusrat."

Jonathan Chenge, mhandisi, rafiki yake tangu utotoni. Walimteka juzi, yeye na mashine yake.

Gari liliingia ghalani. Nusrat alipanda ngazi ya nyuma, bastola yake ya Glock mkononi, akachungulia dirishani.

Jonathan alisimama mbele ya mashine, uso umevimba. Spika ndogo ndogo, juu na chini, zilitoa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sauti hiyo ilizishika chembe za povu, ikazirusha huku na huku kwa kasi, taa zikizimulika, mpaka hewani pakasimama picha unayoweza kuizunguka. Mitambo ya maji. Pampu kwa pampu, bomba kwa bomba.

Aliibuni ili madaktari wauone moyo wa mgonjwa kabla ya kupasua.

"Nionyeshe pa kutega la pili," alisema mgeni mwenye suti ya kijivu, aliyeshuka kwenye Subaru. "Nataka mji mzima ukauke."

Jonathan aliinua macho. Akamwona Nusrat.

Hakushtuka. Kidole chake kiligusa kitufe, na chembe moja ikageuka nyekundu nyuma ya pampu ya tatu. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

"Kituo," Nusrat alinong'ona. "Bomu liko nyuma ya pampu ya tatu."

"Una uhakika?"

"Jonathan ananionyesha."

Mgeni naye aliiona.

"Unamwonyesha nani?"

Bastola ikatoka. Ikalia.

Nusrat alifyatua kupitia kioo, mara mbili. Mgeni akaangukia spika. Picha ikamwagika sakafuni kama sembe. Dereva alitupa silaha, akalala kifudifudi bila kuambiwa.

Nusrat alimfunga pingu, akapiga magoti, akakandamiza jeraha la Jonathan kwa mtandio wake.

"Mmelipata?" Jonathan aliuliza.

"Bado. Usiongee, kaka."

Damu ilipita katikati ya vidole. Alikandamiza zaidi, dakika baada ya dakika.

"Sangara! Tumelitegua!" sauti ya Nestory ilipasuka redioni. "Lilikuwa palepale!"

"Jona, wamelipata. Umesikia?"

Hakusikia.

Nusrat alibaki amemshika. Maneno machache tu kwa kituo ndiyo yaliyomchelewesha. Angefyatua kwanza, kisha ndipo aite kituo, Jonathan angekuwa hai. Na kama risasi ingemkuta yeye kabla hajaita, je?

Polisi walipofika, aliwakabidhi dereva na mashine.

"Kazi nzuri," alisema Nestory. "Njoo utoe ripoti."

"Baadaye, mkuu. Naenda kwa Evelina, mkewe. Asije akasikia redioni."

Alinawa mikono bombani, uani. Maji yalitoka kwa nguvu.

Akavaa helmeti, akaondoka.