Kanda Iliyoandikwa "Kwisha"

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Jinja, mjukuu wa askari wa zamani mwenye asili ya Sudan, na kwetu Uganda Kiswahili ndiyo lugha ya askari, kwa hiyo sikukijifunza ukubwani. Ninawaandikia, wasomaji wenzangu, kwa sababu kuna sauti inayonifuata. Nikichambua mchele, ninaisikia. Nikisujudu, Mungu anisamehe, ninaisikia... Si sauti ya jini wala ya marehemu. Ni sauti yangu mwenyewe!

Miaka sita iliyopita nilikuwa mhariri wa video katika studio moja ndogo pale Jinja. Mwenye studio alikuwa Bwana Waiswa. Sitamsingizia, hakuwa mwizi wala mlevi. Lakini alikuwa na tabia ya kumtumia mtu kama jembe la kuazima. Jumapili alinituma Budondo kupiga video ya harusi, Jumatatu alitaka iwe imekwisha kuhaririwa, na Jumanne alisimama nyuma ya kiti changu na kuanza kulalamika.

"Hadija, hii halusi haina laha! Weka maua. Weka nyota."

Nikiweka maua, angetaka mioyo. Nikiweka mioyo, angesema mbona maua yamepotea? Mwisho wa yote jina lililoonekana kwenye kioo lilikuwa lake. Langu halikuonekana hata kwa herufi ndogo. Na mimi, badala ya kumwambia usoni kwamba nimechoka, nilinyamaza nikatafuta njia ya kichinichini. Ndiyo ilikuwa hasira yangu, hasira ya paka anayekojolea mkeka.

Nilikuwa na kamera yangu kuukuu. Nikaanza kwenda Mbale siku za mapumziko, kupiga kazi zangu binafsi. Mwaka wa tohara Wamasaba, wenyeji wa huko, walinigombania, kwa maana kijana husimama mbele ya kisu mara moja tu, na kila ukoo ulitaka ushahidi kwamba wa kwao hakupepesa macho. Lakini deki, zile mashine za kuchezea na kuhariri kanda, sikuwa nazo. Kwa hiyo nilihariri kwenye deki za Bwana Waiswa, saa ya chakula cha mchana, yeye akiwa kwake anakula. Nilijiambia, si ananinyonya? Basi na mimi nimnyonye kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana msiba wangu wote umekaa katika neno moja dogo.

Studio yetu haikuwa na kanda za kutupa. Kazi ikishamalizika na mteja akachukua nakala yake, tuliandika KWISHA kwa kalamu nyekundu kwenye kanda ya zamani, tukaiweka kwenye rafu ya chini. Maana yake: hii chukua, rekodi juu yake. Tena Bwana Waiswa alitukataza kabisa kuvunja kile kidole cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, kile ambacho kikivunjwa kanda haiwezi tena kurekodiwa. Alisema kanda iliyovunjwa kidole ni kanda iliyokufa. Mkono wangu ukazoea, nikawa sivunji hata kanda zangu mwenyewe.

Siku moja nikiwa Mbale aliniita mzee mmoja, Afande Ekwaru, askari magereza aliyekuwa karibu kustaafu. Mkewe, Mama Stella, alikuwa mgonjwa wa ule ugonjwa ambao miaka ile tuliuita silimu, yaani UKIMWI, tena kwa kunong'ona. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Stella, wa miaka sita. Mama yule alitaka kumwachia binti yake maneno, ayasikie atakapokuwa na akili ya kuyaelewa.

Walimpeleka mtoto kwa jirani. Mama Stella akavaa gomesi ya manjano, lile gauni refu la heshima, iliyokuwa imemzidi mabega, akaketi kitandani akaongea karibu saa nzima. Alikohoa sana. Kila akikohoa alinitazama kwa aibu.

"Hii kukohoa yote utoe, binti yangu," aliniambia. "Mimi sitaki Stella nasikia."

Nikamwahidi. Tulipomaliza, Afande aliitoa kanda ndani ya kamera kwa mikono yake miwili. Akaomba kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA STELLA KWISHA.

"Kazi yake kwisha. Mimi naandika, isipotee," alisema.

Kiswahili cha kambini, wasomaji wangu! Alimaanisha kurekodi kumemalizika. Nilitabasamu moyoni, sikubadilisha kitu.

Nilirudi Jinja na kanda ile, na nikafikiri nitaificha wapi Bwana Waiswa asiione. Werevu wangu ukanituma kwenye rafu ya chini. Nani ataitilia shaka kanda ya KWISHA katikati ya kanda za KWISHA? Nilijiona mjanja kweli!

Wiki ya kwanza sikupata nafasi ya kuihariri. Wiki ya pili Bwana Waiswa aliniletea kazi hata saa ya chakula. Wiki ya tatu nikapata habari kutoka Mbale kwamba Mama Stella amezikwa. Nililia, nikaapa kwamba Jumatatu lazima niikamilishe kanda yake.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, Bwana Waiswa aliirudisha harusi ya mtoto wa tajiri mmoja kwa mara ya tatu. Eti bibi harusi hajaonekana vya kutosha. Nikaipanga upya huku machozi ya hasira yananitoka. Nilipomaliza akataka nakala hapo hapo, akanifokea mbele ya wateja kwamba mikono yangu mizito. Nikainama rafu ya chini, nikachukua kanda ya kwanza niliyoifikia. Niliona KWISHA. Basi. Sikusoma kilichotangulia! Nikaisukuma ndani ya deki, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaenda uani kunawa uso.

Mkono ni wangu. Simtupii mtu lawama. Hata nikarudi nikabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani, nikaandika HARUSI kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatatu nilipekua rafu ile mara nne. Mara ya tano nikaikumbuka kanda niliyoichukua Jumamosi. Niliiendea ile kanda ya harusi, iliyokuwa bado mezani ikimngoja mwenyewe, nikabandua pembe ya karatasi kwa ukucha... nikaona herufi za Afande.

Niliiweka kwenye deki. Bibi harusi anacheza. Nikasogeza mbele, bibi harusi anakata keki. Nikasogeza tena, huku nikisali. Harusi ilikuwa fupi kidogo kuliko maneno ya Mama Stella, kwa hiyo mwishoni kioo kilipiga chenga, na gomesi ya manjano ikatokea. Kilichobaki hakifiki dakika mbili. Anakohoa. Anakohoa, anajifuta, anakohoa tena. Kisha anaangalia kamera na kuuliza, "Binti, umeshika yote?"

Na sauti yangu, changa, yenye furaha, inajibu: "Nimeshika yote, mama. Hakuna kitakachopotea."

Hiyo ndiyo sauti inayonifuata.

Mwenye harusi nilimtengenezea nakala nyingine. Ile niliificha nyumbani, chini ya kanga zangu. Afande Ekwaru alipokuja Jinja kuichukua, nikamwambia mashine imeila kanda ya mkewe. Aliizungusha kofia yake mikononi. Nilitamani anitukane!

"Si kitu, binti yangu," alisema. "Mashine ni mashine."

Akanipa mkono, akaenda zake. Mwezi haukuisha nikaacha kazi. Nilifungua duka la vitambaa, nikadhani nitasahau. Mnadhani nilisahau?

Mwaka huu nilichoka. Nilifunga duka, nikabeba kanda, nikaenda Nakaloke, Afande alikohamia baada ya kustaafu. Stella sasa ana miaka kumi na miwili, ana mabega ya mama yake. Nilipiga magoti pale sebuleni nikasema yote, kuanzia maua na nyota mpaka kitufe. Afande alinisikiliza hadi mwisho.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita mimi natukana mashine."

Akainuka, akatoka nje. Hakurudi hadi nilipoondoka.

Stella aliazima deki kwa jirani. Tukaiweka kanda pale mwisho. Mama yake akakohoa, akauliza, nikajibu. Mtoto hakulia. Alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Kile kikohozi ambacho mama yake alinisihi nikitoe, ndicho alichokuwa akikisogelea kwa sikio!

Kisha akanigeukia. "Anti, wewe ulikuwepo. Huko mwanzo alisema nini?"

Wasomaji wenzangu, saa nzima yule mama aliongea mbele yangu, na mimi nilikuwa nashughulika na mwanga wa dirishani. Nilikumbuka kwamba alimwambia asiende shule na njaa, hata kama kipo kiazi cha jana tu. Nilikumbuka kwamba asiogope baba akifoka. Na nilikumbuka kwamba alisimulia siku Stella alipozaliwa, akacheka sana... ila kilichomchekesha sikukikumbuka. Stella alingoja. Niliumiza kichwa hadi jasho likanitoka, sikukipata!

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kilichoniponyoka mimi hakikuwa changu.

Ninyi mnaoajiriwa na kufanya kazi zenu pembeni, nawaomba. Bosi akikuzidi, mwambie usoni, au toka. Usiifiche kazi ya mtu katika kabati la mwajiri wako ukajiita mjanja. Na mtu akikukabidhi sauti yake, vunja kile kidole cha plastiki siku hiyo hiyo, kabla hujanyanyuka alipoketi.

Mimi kanda ile nimemwachia Stella. Kidole nilikivunja mbele yake. Sasa kila nikifunga duka najaribu kukumbuka, mama yule alicheka nini?